Gari halina nembo, taa zinamulika nyuma yako: unasimama au unaendelea?

Wapendwa wasomaji, mwezi huu barua karibu zote zimekuja na jambo moja na nadhani najua sababu, kuna ile meseji imerudi tena kwenye magrupu ya WhatsApp, ya binti aitwaye Lauren aliyekua anaendesha peke yake akafuatwa na gari lisilo na alama yoyote ya polisi, akapiga namba fulani akaokoka. Nimechagua barua nne, nimezifupisha kidogo ila maneno ni ya wenyewe.

MSOMAJI, VIRGINIA

Shikamoo dada. Mimi nafanya kazi nyumba ya wazee huku Virginia, shifti ya jioni, natoka saa tano na nusu usiku. Wiki mbili zilizopita narudi zangu nyumbani kwa Route 1, gari jeusi likanifuata karibu sana alafu ghafla ndani ya kioo chake cha mbele zikawaka taa za bluu. Halina maandishi, halina kimulimuli juu, halina chochote. Nikasimama hapo hapo gizani, mbele ya duka la matairi lililofungwa, natetemeka mpaka mguu unaruka kwenye breki. Kumbe alikua polisi kweli, akaniambia taa yangu ya nyuma imeungua, akaniachia na onyo. Nafika nyumbani nawasimulia kwenye grupu la familia, binamu yangu akanitumia ile meseji ya Lauren, eti ningepiga 112, wengine wakasema #677, wengine #77. Mume wangu anasema ningeendelea kuendesha ningepigwa risasi. Nani yupo sahihi? Nilikosea kusimama?

JIBU

Marahaba mdogo wangu, na pole sana, huo mguu unaoruka kwenye breki naujua.

Hukukosea kusimama. Uliona taa za bluu ukatii, hakuna wa kukulaumu. Ila ulikua na njia ya katikati ambayo binamu yako na mumeo wote wameiruka, na nataka uijue kabla ya shifti yako ya kesho.

Tuanze na hiyo meseji maana inachanganya watu. Imezunguka tangu enzi za imeili, kabla hata WhatsApp haijazaliwa, na kila ikipita nchi mpya inabadilishwa namba. Hiyo 677 ni ya polisi wa jimbo la Ontario huko Kanada na inaanza na nyota, ukiipiga ukiwa Virginia haikusaidii kitu. Ile #77 kwa Virginia ni kweli ipo, inaenda kwa polisi wa jimbo, na Maryland pia wanayo, lakini ukivuka ukaenda jimbo lingine inaweza isiwe na maana yoyote. 112 ni ya Ulaya na nchi nyingine nyingi, simu nyingi za kisasa ukiipiga Marekani zitakupeleka 911 zenyewe, sasa kama mwisho wa safari ni 911 kwa nini upitie kona? Piga 911. Kila jimbo, kila kaunti, mchana na usiku, hata simu isiyo na laini inayolipiwa inatakiwa iunganishwe na 911. Mwambie binamu yako afute hizo namba zingine kichwani, kwa sababu mtu akiwa na hofu anakumbuka kitu kimoja tu na hicho kimoja kiwe sahihi.

Sasa njia yenyewe. Taa zimewaka nyuma yako na gari hulielewi. Hatua ya kwanza sio simu, ni kumwonyesha kwamba UMEMUONA. Punguza mwendo, uende chini kabisa ya spidi iliyoruhusiwa, washa taa za hazadi, hama uende laini ya kulia. Washa na taa ya ndani ya gari ili aone kichwa chako kimetulia na hakuna anayeinama. Ukifanya hayo umeshaongea nae bila mdomo, umemwambia nimekuona, sikimbii, natafuta pa kusimama. Mtu anayekimbia haendi maili 25 kwa saa huku amewasha hazadi.

Hapo ndo simu. Virginia tangu Januari 2021 ni kosa kushika simu mkononi unaendesha, lakini sheria hiyo hiyo imeacha nafasi ya kuripoti dharura, kwa hiyo usiogope, ila bora zaidi mwambie Siri au hiyo programu ya simu yako ipige 911 na uweke spika ili mikono ibaki kwenye usukani. Ongea kwa mpangilio huu, mahali kwanza: nipo Route 1 naelekea kusini, nimepita makutano ya barabara fulani, kuna gari jeusi lisilo na alama limewasha taa za bluu nyuma yangu, mimi nina Corolla ya kijivu namba kadhaa, nimewasha hazadi, naelekea sheli iliyo mbele, naomba mnithibitishie kama huyo ni polisi wenu. Alafu USIKATE. Yule wa kituoni anaweza kumuita askari kwenye redio, anaweza kumwambia dereva amepiga simu anaogopa, anaweza kukutumia gari lenye nembo. Itamchukua muda kidogo kwa sababu barabara moja inaweza kuwa na polisi wa kaunti, wa mji na wa jimbo, na kila mmoja ana redio yake, kwa hiyo ukimya wa nusu dakika usikutie kiwewe.

Na unaposema sehemu yenye mwanga, iwe ya karibu. Sheli, hospitali, duka la masaa 24, kituo cha zimamoto, kituo cha polisi chenyewe kama kipo jirani. Usimvute mtu maili kumi mpaka nyumbani kwako, kwanza hutaki mtu usiyemjua ajue unapoishi, alafu kila dakika inayopita askari wa kweli anazidi kuamini unamkimbia.

Hofu ya mumeo naiheshimu kwa sababu haijatoka hewani. Tarehe 5 Desemba 2020, hapo hapo Virginia, mji mdogo wa Windsor, luteni mmoja wa jeshi, mtu mweusi mwenye asili ya Kilatino, aliwashiwa taa usiku na magari ya polisi yenye nembo kabisa, akapunguza mwendo akaendesha taratibu mpaka sheli yenye mwanga. Akakuta bunduki zimemuelekea akiwa bado na yunifomu ya jeshi, akapuliziwa dawa ya kuwasha machoni, na mwisho wake hakushtakiwa kwa kosa lolote, na mmoja wa wale askari akafukuzwa kazi Aprili 2021 baada ya video kusambaa. Na Arkansas, Julai 2020, mama mjamzito alipunguza mwendo akawasha hazadi usiku akitafuta sehemu pana ya kusimama, vile vile kama kitabu cha madereva cha jimbo lake kilivyokua kinaelekeza, askari akaligonga gari lake kwa makusudi likapinduka. Alinusurika. Akafungua kesi, wakamalizana, na polisi wa jimbo wakabadilisha utaratibu wao wa kugonga magari.

Sikuelezi haya ili nikutishe. Nakueleza kwa sababu wanaosambaza hiyo meseji wanasema kwa urahisi sana endelea tu kuendesha ni haki yako, na ngozi yetu inajua sio rahisi hivyo. Hazadi peke yake inaweza kusomwa vibaya na askari mwenye papara. Simu ya 911 ndo inabadilisha mambo, maana inarekodiwa, ina saa na dakika, na kuna mtu wa tatu anayesikia kila kitu. Uthibitisho wa kwamba huyu ni polisi hauwezi kutoka kwake mwenyewe, awe na beji awe na taa awe na pingu, unatoka kwa mtu wa tatu ambaye wewe mwenyewe ndo umempigia. Kama kuna kitu kimoja utabaki nacho kwenye jibu langu lote naomba kiwe hicho.

Kisheria Virginia imekupa kinga kidogo. Kupuuza ishara ya polisi ya kusimama ni kosa la jinai, lakini kifungu hicho hicho kinakubali utetezi wa mtu aliyeamini, kwa sababu za msingi, kwamba anayemfuata sio polisi. Sasa utauthibitishaje huo msingi mahakamani? Kwa rekodi ya 911. Unaona tunavyorudi pale pale.

Rangi za taa nazo zikusaidie kidogo. Virginia taa za bluu zinazomweka ni za vyombo vya sheria tu, nyekundu bila bluu ni za zimamoto na ambulansi, zile za rangi ya chungwa ni za mabrekidauni na watengeneza barabara. Akikuwashia ya chungwa au nyeupe tupu huyo sio polisi wa kukusimamisha. Lakini taa za bluu mtu yeyote anaweza kuagiza mtandaoni akaletewa mlangoni, kwa hiyo rangi ni dalili tu.

Ukishasimama, milango ilokiwe, injini izime ukishatulia, mikono yote juu ya usukani. Kama yule wa 911 bado yupo kwenye spika mwache hapo hapo asikie. Shusha kioo nafasi ya kupitisha sauti na karatasi, msalimie, mwambie afisa samahani niliogopa gari lako halina alama, nipo na 911 wananithibitishia, unaweza kuniambia jina lako, namba ya beji na unatoka idara gani? Polisi wengi wa kweli wanaelewa. Ukiwa hujatulia bado muombe gari lenye nembo lije au msimamizi wake. Ila ukishathibitishiwa kwamba ni wa kweli na akakwambia ushuke, shuka, Mahakama Kuu ya Marekani tangu 1977 ilishasema polisi aliyesimamisha gari kihalali anaweza kumtaka dereva atoke nje, hapo sio pa kubishana, utabishana baadae ukiwa na wakili.

Najua wengine mnasoma hapa mnawaza hawa wa uhamiaji, maana mwaka 2025 wamekua wakitumia magari yasiyo na nembo na wengine wamefunika nyuso. Mwanzo ni ule ule, hazadi, 911, sehemu ya mwanga, wala usikimbie. Baada ya hapo una haki ya kukaa kimya na kuomba wakili, unaweza kuuliza kwa upole kama upo huru kuondoka, na usisaini karatasi usiyoielewa. Usidanganye chochote na usitoe karatasi za uongo, hilo linageuza jambo dogo kuwa kubwa.

MSOMAJI, LEICESTER

Habari dada. Mimi ni mlezi wa majumbani, naendesha nyumba kwa nyumba kuanzia saa kumi na moja alfajiri, barabara za vijijini hazina hata taa. Mume wangu ananiambia Uingereza gari la polisi lisilo na alama haliruhusiwi kukusimamisha kabisa, nikiliona nisilijali. Mwenzangu kazini anasema sio kweli. Na tangu yale mambo ya yule dada wa London mimi hata polisi mwenye kitambulisho simuamini, nifanyeje?

JIBU

Nzuri mpenzi, na asante kwa kazi hiyo, alfajiri hizo za Januari mimi nazifahamu.

Mumeo amechanganya gari na nguo. Gari lisilo na nembo linaruhusiwa kabisa kukusimamisha. Sharti lipo kwa askari, kifungu cha 163 cha sheria ya barabarani ya 1988 kinasema anayekusimamisha barabarani awe konstebo mwenye SARE. Kwa hiyo likija gari la kawaida lina taa za bluu zimefichwa kwenye grili, tazama nani yupo ndani. Askari kanzu hana mamlaka ya kukusimamisha kwa kifungu hicho, mwenye sare anayo hata kama gari ni kama la kwenda dukani. Na ukimpuuza mwenye sare umevunja sheria, kwa hiyo ushauri wa nisilijali usiufuate.

Kawaida yao wanakuja nyuma, wanamulika taa kubwa au za bluu, pengine king'ora au honi, alafu wanawasha indiketa ya kushoto au wanakunyooshea kidole kukuonyesha upande wa kusogea. Kanuni inasema usimame pale ambapo ni salama, na kwenye barabara ya kijijini saa kumi na moja alfajiri kichaka sio salama. Hazadi, mwendo wa chini, 999. Kushika simu unaendesha ni kosa huko kwenu, isipokua kupiga 999 au 112 kwa dharura wakati sio salama kusimama, na namba zote mbili zinafika sehemu moja, hakuna iliyo ya siri wala iliyo bora kuliko nyingine kama meseji zinavyodai. Na kama huwezi kuongea, labda mtu ameshafika dirishani, piga 999 kwa simu ya mkononi ukae kimya, ukiambiwa ubonyeze 55 bonyeza, utapelekwa kwa polisi.

Sasa yule dada, Sarah Everard. Nalisema jina lake kwa heshima. Tarehe 3 Machi 2021 alikua anatembea kwa miguu kurudi nyumbani kusini mwa London, askari aliyeajiriwa kweli na polisi ya London ila hakua zamu, Wayne Couzens, akamsimamisha kwa kisingizio cha masharti ya korona, akamwonyesha kitambulisho cha kweli, akamfunga pingu, akamuingiza kwenye gari alilokodi. Alimuua. Septemba 30 mwaka huo huo alihukumiwa kifungo cha maisha asichotoka kamwe.

Unaona tatizo lilipo? Kitambulisho hakikua feki. Miaka yote tulikua tunafundishwa muombe kitambulisho, muombe kitambulisho, na yeye alikua nacho. Polisi wa London baada ya hapo walitoa ushauri wa kuuliza maswali, mpaka wakasema mtu anaweza kusimamisha basi la abiria aombe msaada, watu wakakasirika na mimi nilikasirika, maana mzigo wote walimtwika mwanamke. Oktoba 2021 wakabadilisha, wakaweka utaratibu kwamba askari kanzu aliye peke yake London akikutana na mwanamke aliye peke yake, ni jukumu la askari mwenyewe kupiga simu ya video kwenye chumba cha mawasiliano ili sajenti mwenye sare amthibitishe. Hiyo angalau imekaa panapotakiwa, mtu wa tatu ndo anathibitisha.

Kwa hiyo kutomuamini mwenye kitambulisho sio ugonjwa. Mwambie askari bila kupandisha sauti, naomba nithibitishe kwa 999 kabla sijafungua mlango. Awe peke yake, hana sare, anataka uingie kwenye gari lake? Hapo usishuke, lokia milango, simu ibaki hewani, na ukiona anajaribu kufungua ondoka uende penye watu huku unamweleza wa 999 unapoelekea. Leseni na bima kama hunavyo garini sio mwisho wa dunia, wanaweza kukupa siku 7 uvipeleke kituoni, kwa hiyo mtu anayekwambia usipokua na karatasi sasa hivi panda gari langu, huyo ana lake jambo.

MSOMAJI, BROOKLYN PARK, MINNESOTA

Dada yetu, mimi ni baba wa binti wa miaka 17, amepata leseni majuzi. Baada ya yale mauaji ya Juni 2025 hapa kwetu yaliyofanywa na mtu aliyevaa kama polisi mke wangu hataki mtoto aendeshe usiku. Mtoto anasema anajua cha kufanya ameona TikTok. Nimwache?

JIBU

Kaka yangu, hiyo ya tarehe 14 Juni 2025 iliwagusa wengi, na mji wenu una Waafrika wengi, kwa hiyo ilikua jirani kabisa. Kwa wasomaji wa mbali, alfajiri ile mtu mwenye fulana ya kivita, beji na barakoa, na gari kubwa jeusi lenye taa kama za polisi, aligonga milango ya wabunge wa jimbo. Mbunge Melissa Hortman na mumewe waliuawa, seneta mmoja wa jimbo na mkewe wakajeruhiwa. Kuna kitu kwenye nyaraka za kesi hiyo kilinikaa kichwani. Askari wa kweli wa New Hope, aliyetumwa kumwangalia kiongozi mwingine, alilikuta gari hilo limepaki jirani akadhani ni polisi mwenzake, akajaribu kumsemesha, yule mtu akawa anatazama tu mbele hajibu, askari akaendelea na njia yake. Kama polisi alidanganyika, binti wa miaka 17 atatambua kwa kuangalia kioo cha kati usiku?

Kwa hiyo usimfundishe kutambua gari. Mfundishe mikono yake ifanye yenyewe hata akili ikiganda, na hilo TikTok haliwezi. Jumapili baada ya ibada, maegesho yakishabaki wazi, mkeo akae pembeni na simu awe ndo mtu wa 911, binti aendeshe, wewe umfuate nyuma umulike taa. Atafute hazadi bila kuangalia chini. Utashangaa, kwenye magari mengi ni kile kitufe chenye pembetatu nyekundu katikati ya dashibodi na watoto wengi hawajawahi kukibonyeza hata siku moja. Awashe taa ya ndani. Apige, aseme yupo wapi, na hapa ndo wengi wanakwama kwa sababu wamezoea ramani ya simu iwaongoze, hawajui hata jina la barabara waliyopo. Alafu uende dirishani kwake umuongeleshe kwa ukali kidogo uone kama mikono inabaki kwenye usukani.

Rudieni mara tatu, nne. Mkeo akiona mtoto anaweza, hofu itapungua bila mabishano. Na hiyo sehemu ya mikono msiifanye kwa haraka, watu wa Minnesota hamhitaji kuelezwa kilichompata Philando Castile pale Falcon Heights Julai 2016, alisimamishwa barabarani akapigwa risasi ndani ya gari lake. Leseni haichukuliwi mpaka askari aseme, na kabla ya kuichukua binti aseme ipo wapi, ipo kwenye mkoba kiti cha pembeni, naichukua sasa, sawa? Alafu ndo mkono uende, taratibu.

MSOMAJI, LEXINGTON, KENTUCKY

Jambo mama. Mimi nilitoka Uvira, niko Lexington miaka mitatu. Ninaendesha na wenzangu watatu kwenda kazi ya gudauni, tunarudi saa nane ya usiku. Kiingereza yangu ni kidogo sana. Hiyo mambo ya kupiga 911 na kueleza, mimi nitasema nini? Wakinijibu sitasikia. Naona ni heri kusimama tu na kuomba Mungu.

JIBU

Jambo sana baba, karibu. Swali lako ndo lilipaswa kuwa la kwanza kwenye ukurasa huu, maana ushauri wote huo hauna faida kama mtu hawezi kuutamka.

Kuomba uombe, na simu upige. Vituo vingi vya 911 Marekani vina wakalimani wa kwenye simu, wanawaunganisha wakati wewe upo hewani, na Kiswahili kwa Lexington sio lugha ngeni hata kidogo, ninyi watu wa Kongo mko wengi hapo. Huhitaji sentensi. Unahitaji maneno machache na uyaseme pole pole. Sema Lexington, taja jina la barabara, sema police car behind me, alafu sema Swahili. Rudia Swahili. Usiseme Kiswahili, pengine hataelewa, na usiseme African, atakuuliza lugha gani na muda unakwenda. Akikwambia kitu kirefu usichoelewa jibu lile lile, Swahili please. Patakua na kimya au mlio mdogo wakati anamtafuta mkalimani, hapo ndo watu wetu wengi wanakata wakidhani simu imekufa. Usikate. Ukikata kwa bahati mbaya na wakakupigia wenyewe, pokea hata kama namba huijui.

Chukua karatasi ngumu uandike kwa herufi kubwa, majina ya barabara mnazopita kila usiku kwa mpangilio, namba za gari, rangi ya gari, na hayo maneno. Ibandike mbele karibu na redio. Andika na karatasi ya pili ya kumwonyesha askari dirishani, iseme kwa Kiingereza kwamba unaongea Kiswahili, Kiingereza ni kidogo, na 911 ipo kwenye simu, mtoto wako anayesoma shule anaweza kukuandikia vizuri. Hiyo ya pili ikae hapo hapo juu ya dashibodi ionekane, isikae mfukoni, usije ukaingiza mkono mfukoni mbele ya askari.

Na kwa kuwa mko wanne, dereva asishike simu kabisa. Yule anayekaa kiti cha mbele ndo awe mtu wa simu, mkubaliane kabla gari halijawaka, na wa nyuma wawili wakae kimya mikono juu ya magoti mpaka mkalimani aingie kwenye laini.